Hesabu ya Jioni

Katika kata ya Mogitu, wilayani Hanang, mkoani Manyara, neno "hesabu" lina maana mbili. Mtoto wa skuli akilitamka hukusudia somo la kujumlisha na kutoa. Kijana wa bodaboda akilitamka hukusudia kiasi cha fedha alichokubaliana na mwenye pikipiki, ambacho sharti kimfikie mwenyewe kila jioni au kila mwisho wa wiki, abiria wawe wamepatikana au hawakupatikana. Maana hii ya pili haikuzaliwa Hanang, bali imesafiri. Imetoka pwani, ikakaa Dar es Salaam, kisha ikapanda bara pamoja na magari, hata ikafika kwenye mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, katika nchi ambayo wenyeji husemezana kwa Kidatoga na Kiiraqw. Mwenye kulifuata neno hili nyuma, kituo kwa kituo, huisoma historia ya kazi ya kuchukua abiria katika Afrika ya Mashariki. Na kila kituo hukutana na suali moja: abiria anaijua nauli yake, na mwenye gari anaijua hesabu yake, je, ujira wa anayeendesha unajulikana na nani?

Suali hili halikuingia katika majina ya vyombo vyenyewe. Chukua jina la daladala. Asili yake ni "dala", jina ambalo watu wa Tanzania waliipa sarafu ya shilingi tano, kama walivyoiita thumni sarafu ya senti hamsini. Dala ni dola ya Marekani, na aliyetunga jina hilo hakukosea hesabu. Kabla ya mwaka 1949, pauni moja ya Kiingereza ilikuwa na thamani ya dola nne na kidogo. Na kwa kuwa pauni ilikuwa shilingi 20, dola moja ilikaribia shilingi tano. Mwaka 1949 pauni ikashushwa thamani na ulinganifu huo ukavunjika, lakini jina likabaki vinywani. Ilipofika mwaka 1983, makondakta wa magari ya watu binafsi walipokuwa wakiwaita abiria wa Dar es Salaam kwa sauti ya "dala! dala!", dola ya kweli ilikwisha kupita shilingi kumi. Nauli ilikuwa shilingi tano, na gari likaitwa kwa nauli yake.

Kenya nao walifanya vivyo hivyo. Magari madogo ya abiria ya Nairobi yaliitwa matatu kwa sababu mtu alilipa mapeni matatu, yaani senti thelathini. Mji ule ulikuwa na mabasi rasmi tangu mwaka 1934, ilipoanza kampuni ya Kenya Bus Service iliyotokana na kampuni ya London. Matatu yalifanya kazi kwa kujificha, mpaka mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipoyaruhusu kuchukua abiria bila ya leseni maalumu. Leo hakuna anayepanda matatu kwa senti thelathini wala daladala kwa shilingi tano. Majina yamedumu kama kumbukumbu ya bei zilizokufa. Wala si ajabu kwamba yaliyokumbukwa ni bei: aliyetoa jina ni mtu wa barabarani aliyekuwa akifikiri kilichomo mfukoni mwake. Alichoambiwa dereva jioni ile na mwenye gari hakikumhusu, na hakikupewa jina ila hilo moja la jumla: hesabu.

Kisiwani Unguja, chombo cha kwanza cha kuchukua abiria wengi kwa nauli kilikuwa gari la moshi, na waliolileta walikuwa Wamarekani. Mwaka 1905 kampuni ya Arnold, Cheney ya New York ilikamilisha reli yenye urefu wa maili saba hivi, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu. Mwaka 1911 serikali iliinunua, na mwaka 1922 abiria walisita kuchukuliwa, kwani barabara na magari ya petroli yalikwisha kuishinda. Wapo wasemao kwamba Bububu ilipata jina lake kwa mlio wa gari lile la moshi. Maneno haya ni matamu lakini hayasimami, kwa sababu Bibi Salme binti Said aliitaja Bububu kwa jina hilo hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, karibu miaka ishirini kabla ya reli kuwekwa. Watu hupenda kuamini kwamba chombo kimeuzaa mji. Aghalabu mji huwa umetangulia, na chombo huja kuutumikia, kisha hujiondokea.

Baada ya reli yalikuja magari ya mbao, yenye benchi mbili zinazotazamana, mizigo juu ya paa na utingo amening'inia nyuma. Kwa miaka mingi magari ya Unguja yamekwenda kwa nambari, na 502 ikawa nambari ya Bububu. Abiria wa 502 alikwenda kule kule alikokwenda abiria wa mwaka 1905. Tofauti iko upande wa pili wa nauli. Aliyeendesha gari la moshi alikuwa mtu wa kampuni, na baadaye mtu wa serikali. Mshahara wake ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwa mshahara. Aliyeendesha gari la mbao alikuwa na makubaliano ya mdomo na mwenye gari.

Dar es Salaam ndiyo iliyojaribu kwa nguvu zaidi kumfanya mchukuzi wa abiria awe mtumishi wa umma. Mwaka 1949 ilianzishwa kampuni ya Kiingereza iliyojulikana kwa herufi DMT, yaani Dar es Salaam Motor Transport. Miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1970, serikali iliitaifisha. Mwaka 1974 ikagawanywa mafungu mawili: Usafiri Dar es Salaam, au UDA, kwa safari za mjini, na Kampuni ya Mabasi ya Taifa, au KAMATA, kwa safari za mikoani. Jina la KAMATA lilikuwa na mzaha wake, kwani abiria wa bara alilazimika kweli kulikamata basi kabla halijajaa. Mikoa nayo ilihimizwa kuunda makampuni yake ya usafiri. Fikra iliyokuwa nyuma ya haya yote ilikuwa wazi: kama maji na matibabu ni haki ya raia, basi na kufika kazini ni haki yake, na kama abiria ni raia, dereva naye ni raia.

Kondakta wa UDA alikuwa na sare, tiketi zilizohesabiwa, zamu yenye mwanzo na mwisho, na mshahara wa mwisho wa mwezi. Tiketi ile ndogo ilikuwa na maana kubwa kuliko ilivyoonekana. Ilikuwa ni ushahidi kwamba fedha anayopokea si yake wala si ya tajiri mmoja, bali ni ya shirika; na kwa kuwa si yake, hakuwa na sababu ya kumsukuma abiria wa kumi katika nafasi ya mmoja, wala ya kumkataa mtoto wa skuli kwa kuwa analipa nauli ndogo. Basi likijaa au likienda tupu, mshahara ulikuwa ule ule. Wapo waliosema kwamba huko ndiko kulikokuwa na uvivu. Inawezekana. Lakini ndiko pia kulikokuwa na utulivu wa mtu anayejua atakula nini tarehe 30.

Mji haukusubiri. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya mwaka 1988 ikahesabu 1,360,850. Miaka kumi ile ile ilileta bei kubwa ya mafuta, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na ukosefu wa fedha za kigeni. Basi haliendi kwa itikadi. Linahitaji matairi, na vipuri, na dizeli, vitu ambavyo vyote vilinunuliwa kwa fedha za nje. Nauli ilipangwa na serikali, ikawekwa chini ili mnyonge aimudu, lakini pengo baina ya nauli na gharama halikuzibwa. Mabasi yakasimama yadini mamoja baada ya mamoja. Hata yale marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, ambayo watu waliyaita kumbakumba kwa wingi wa waliochukuliwa humo, hayakuweza kuukumba mji mzima. Abiria walisimama vituoni asubuhi na jua likawapandia utosini.

Hapo ndipo magari ya wizi yalipokuwa mkombozi. Yalikuwapo tangu kabla, yakikimbizwa na askari, yakipita vichochoroni. Mwaka 1983 serikali ilikubali lililokwisha kuwa, ikaruhusu watu binafsi kuchukua abiria mjini. Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyetoka Zanzibar na kushika urais wa Muungano mwaka 1985, aliifungua milango ya biashara, naye watu wakamwita Mzee Ruksa. Mabasi madogo yaliyokwisha kutumika Japani yakaingia bandarini kwa mamia, kisha kwa maelfu. Katika miaka ya 1990 UDA ilikwisha kuwa kivuli, na daladala ndiyo iliyokuwa usafiri wenyewe.

Mengi yamesemwa juu ya daladala kuwa ni ushindi wa mtu binafsi dhidi ya shirika. Haya ni kweli kwa nusu. Gari lilikuwa la mtu binafsi, lakini aliyeliendesha hakuwa huyo. Mtafiti Matteo Rizzo, aliyefuatilia kazi hii kwa miaka mingi na kuiandikia kitabu kiitwacho Taken for a Ride kilichotoka mwaka 2017, alionyesha kwamba wengi mno wa waliofanya kazi katika daladala hawakumiliki magari na hawakuwa na mkataba wa maandishi. Alipowahoji mwaka 1998, alikuta siku yao ya kazi ni ya saa 15 kwa wastani. Mwenye gari hakulipa mshahara. Alitaja hesabu ya siku, akakabidhi ufunguo. Dereva na kondakta walitoa humo mafuta, wakatoa cha mpiga debe kituoni, wakatoa faini au kilichokuwa badala ya faini, wakaiweka pembeni hesabu ya tajiri, na kilichobaki kikawa chao. Siku nyingine kilibaki kingi, siku nyingine hakikubaki kitu, na siku nyingine walilala na deni.

Ukiijua kanuni hiyo, vituko vyote vya daladala huacha kuwa vituko. Kwa nini linakwenda mbio? Kwa sababu safari moja zaidi kabla ya magharibi ndiyo ujira. Zilizotangulia zote zilikuwa za mwenye gari. Kwa nini halitoki kituoni mpaka lijae? Kwa sababu mafuta yanatoka mfukoni mwa dereva. Kwa nini mwanafunzi huachwa barabarani? Kwa sababu nauli yake ndogo inakaa pahala pa nauli kamili, ilhali tajiri hakupunguza hesabu kwa ajili ya elimu ya taifa. Kwa nini dereva aliyechoka humpa usukani mwenzake asiye na gari, yule aitwaye deiwaka, kwa safari mbili tatu? Kwa sababu saa 15 hazibebeki na mwili mmoja. Magazeti yalizoea kuwaita watu hawa wahuni. Mgala muue na haki umpe: wahuni walikuwamo, lakini mwendo wa gari uliandikwa katika hesabu kabla dereva hajakanyaga mafuta.

Msomaji wa mwambao huenda akauliza: je, hili si jambo la kale kwetu? Mabaharia wa majahazi nao hawakulipwa mishahara. Ni kweli, na ulinganisho huu unafaa kutazamwa vizuri, kwa kuwa ndipo siri ya hesabu inapofichuka. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwait hadi pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1938 na 1939, alieleza mgawo wa chombo: faida ya safari ilihesabiwa mwisho, zikatolewa gharama, fungu likaenda kwa chombo, na fungu likagawiwa nahodha na mabaharia kwa sehemu. Mfumo huu ulikuwa na dhuluma zake. Baharia wengi walifungwa na madeni ya mwaka hata mwaka. Lakini katika mgawo, pepo zikigoma, mwenye chombo naye hukosa. Bahari huwapiga wote wawili. Katika hesabu ya daladala mambo yamepinduliwa. Mwenye gari hulipwa kwanza, kwa kiasi kisichobadilika, na bahari yote humwagikia mwendeshaji: foleni, mvua, pancha, msiba, sikukuu isiyo na abiria. Mgawo ni ushirika, hata kama si wa haki. Hesabu ni kodi. Dereva hukikodi chombo cha kazi yake kila asubuhi, kisha huitwa mwajiriwa siku ya makosa, na mfanyabiashara siku ya kudai haki.

Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Kwa daladala methali hiyo ingegeuzwa: ni gari la tajiri linalokwenda joshi, na mnyonge ndiye aliyeshika usukani.

Miji ya Marekani ilipita njia hiyo hiyo kwa upande wa pili, na kuitazama kunasaidia kuona kwamba mambo haya hayakuamriwa na maumbile. Huko nako mabasi na tramu zilikuwa mali ya makampuni binafsi kwa miongo mingi, na kazi ya kuendesha ililindwa na ubaguzi wa rangi. Mwezi Agosti mwaka 1944, katikati ya vita vikuu, wafanyakazi weupe wa usafiri wa Philadelphia waligoma kwa sababu Wamarekani Weusi wanane walikuwa wanafundishwa kuendesha tramu. Ilibidi Rais Roosevelt apeleke askari 5,000 ili mji urudi kutembea. Katika miaka hiyo hiyo ya vita, msichana mmoja wa San Francisco alikwenda kuomba kazi ya ukondakta wa tramu, akanyimwa hata fomu ya maombi. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, akaketi ofisini siku baada ya siku mpaka wakachoka naye. Akavaa sare na kubeba chombo cha chenji, Mmarekani Mweusi wa kwanza wa kike katika kazi hiyo mjini mwake. Jina lake ni Maya Angelou, ambaye wapenzi wa ushairi wanamjua kwa mengine. Alikumbuka habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1969, na kisa chake kinaonyesha kwamba sare ile, ambayo huku kwetu ilivuliwa kirahisi, kuna waliopigana kuivaa.

Makampuni yale yalipoanza kufilisika na miji ikalazimika kuyachukua, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1964 sheria ya kusaidia usafiri wa mijini kwa fedha za serikali kuu. Ndani ya sheria hiyo kuna kifungu ambacho watu wa nje ya kazi hawakijui, lakini wafanyakazi wa mabasi wanakijua kwa nambari yake, 13(c). Kifungu hicho kilisema kwamba mji ukipokea fedha hizo, haki za wafanyakazi waliokuwamo, pamoja na haki ya kujadiliana na mwajiri kupitia chama chao, zisipotee katika kubadilishana mikono. Yaani mali ilipohama kutoka kwa tajiri kwenda kwa umma, mtu aliandikwa katika hati ya uhamisho. Dar es Salaam mwaka 1983 mali haikuhama kwa hati. Umma uliondoka polepole, tajiri akaingia polepole, na hakuna karatasi iliyomtaja kondakta.

Hata huko kuna daladala. Mwezi Aprili mwaka 1980 wafanyakazi wa mabasi na treni za New York waligoma kwa siku 11. Watu wa Brooklyn na Queens, wengi wao wahamiaji kutoka visiwa vya Karibiani, wakaanza kuchukuana kwa magari yao madogo, na mgomo ulipokwisha magari yale hayakuondoka. Nauli ilikuwa dola moja, na yakaitwa "dollar vans", magari ya dola. Miaka mitatu kabla ya sauti ya "dala! dala!" kurasimishwa Dar es Salaam, mji mwingine uliokuwa na pengo lile lile ulitoa jina lile lile. Wala hapana aliyeiga mwenziwe. Shirika likisimama, abiria hutafuta chombo, na chombo huitwa kwa kilicho mkononi mwa abiria.

Wafanyakazi wa daladala hawakukaa kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 madereva na makondakta wa Dar es Salaam waliunda umoja wao, UWAMADAR, wakatafuta mkono wa chama cha wafanyakazi wa usafirishaji. Madai yao hayakuwa makubwa: mkataba wa maandishi, mshahara unaojulikana, saa zenye mpaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikwisha kuyasema haya kwa kila mwajiri nchini, na kuweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Ilibaki kazi ya kuifanya sheria ishuke kutoka kwenye karatasi na kupanda garini, nayo ikabaki hivyo kwa muda mrefu. Wako wenye magari walioandika mikataba ili wapate leseni, kisha jioni wakapokea hesabu kama jana.

Jaribio la pili la shirika lilikuja na Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, uliofahamika kwa herufi DART, ulioundwa mwaka 2007. Mabasi yake, ambayo mji uliyabatiza jina la mwendokasi, yalianza kuchukua abiria mwezi Mei mwaka 2016, 140 kwa hesabu, katika njia ya kilomita 21 hivi kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake. Mwendeshaji wa huduma alitaka nauli kubwa. Serikali ikapanga shilingi 650 kwa njia kuu. Mwenye kusoma historia alilitambua suali la UDA likirudi kwa nguo mpya: nauli nafuu ni nafuu kwa gharama ya nani? Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikuwa limeonekana barabarani kwa kizazi kizima. Dereva wa mwendokasi aliingia kwa zamu, akatoka kwa zamu, na tiketi ilikatwa nje ya basi. Mikono yake haikugusa nauli. Miaka iliyofuata ilijaa malalamiko ya uchache wa mabasi na misongamano vituoni, kama ile ya miaka ya 1970, na makondakta wengi wa daladala zilizoondolewa kwenye njia zile hawakupata pa kwenda. Almuradi, somo halikuwa jipya: shirika lisilolishwa hufa, na likifa halifi peke yake.

Haifai kulipamba shirika la umma kwa maua. Hanang yenyewe inalikumbuka kwa sura nyingine. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la taifa la kilimo, NAFCO, lilifungua huko mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada, na wafugaji wa Kibarabaig wakapoteza sehemu kubwa ya malisho yao bora, jambo lililowafikisha mahakamani miaka ya 1980. Ngano ilikuwa ya taifa; ardhi ilikuwa ya watu. Kwa hivyo mtu wa Mogitu hana sababu ya kuamini kwamba chombo kikiitwa cha umma basi kimekwisha kuwa na haki. Haki haimo katika jina la mwenye mali. Imo katika makubaliano baina ya mwenye mali na mwenye kuifanyia kazi, na katika kujua nani anaibeba siku mbaya.

Na siku mbaya hufika. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang iliporomoka, na matope, mawe na magogo yakateremkia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Barabara ya kutoka Babati kwenda Singida, iliyotiwa lami kwa mradi mkubwa uliopitishwa mwaka 2007, ilifunikwa na tope. Katika msiba kama ule ni haya kuzungumza habari za nauli. Lakini msiba hupita, na baada ya siku chache mwenye mshahara hukuta mshahara wake pale alipouacha. Mwenye hesabu hukuta siku zilizopita zikimngoja, kila moja na bei yake.

Bodaboda, kinyume na daladala na matatu, haikupewa jina la fedha. Ilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako watu wa baiskeli walivusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka, na jina lake limehifadhi safari badala ya nauli. Tanzania iliweka kanuni za kuruhusu pikipiki na bajaji kuchukua abiria kwa leseni mwaka 2010, na katika miaka michache hakukuwa na njia panda isiyo na vijana wameketi juu ya pikipiki zao. Huko ambako KAMATA ilipita mara moja moja na makampuni ya mikoa yalififia, pikipiki ilifika mpaka mlangoni. Imemwahisha mjamzito hospitalini, imepeleka mahindi mnadani na kumrejesha mwalimu skuli.

Pamoja nayo ilikuja hesabu, lakini huku bara imeota tawi jipya. Vijana wengi hupewa pikipiki kwa kile wanachokiita mkataba: hupeleka kiasi maalumu kila siku au kila wiki kwa mwaka mmoja au zaidi, na wakimaliza bila ya kukatika, pikipiki huwa yao. Bei yote ikijumlishwa hupita mbali ile ya dukani. Hata hivyo vijana huuchagua, kwa sababu una kitu ambacho dereva wa daladala hakuwa nacho katika miaka 40, nacho ni siku ya mwisho. Ndani ya mkataba huo mna dhuluma, na ndani yake mna matumaini, na wenyewe wanavijua vyote viwili bila ya kufundishwa.

Jioni, njia za Mogitu zinapoanza kuwa na giza na baridi ya nyanda za juu ikashuka, kijana huzima pikipiki na kuhesabu noti zake kwa mwanga wa simu. Huzitenga mafungu matatu: la mafuta ya kesho, la mwenye pikipiki, na lililobaki. Fungu la kwanza lina jina, ni mafuta. La pili lina jina, ni hesabu. Fungu la tatu ndilo chakula cha nyumbani kwake, na ndilo pekee ambalo miaka mia moja na zaidi ya reli, mabasi, mashirika na daladala haijalipa jina katika lugha ya barabarani. Hulikunja, akalitia mfukoni, akaenda zake.